Bunduki ya babu ni ya 1917 kweli, lakini si ile unayouziwa

Swali

Mzee, salamu kutoka Njoro. Babu yangu alituacha mwaka jana. Alikuwa na bunduki ya .303 aliyoinunua 1964 kwa mzungu aliyekuwa akiuza shamba lake ahame, na cheti chake alikuwa akikilipia bila kukosa. Baada ya mazishi baba aliipeleka stesheni, na sasa imehifadhiwa kwa mwenye duka la silaha aliye na leseni hapa Nakuru. Ndiko nilikopiga hizi picha tano. Kuna bwana mmoja anatupigia simu akisema ni ya Vita vya Kwanza, haijaguswa, ilibebwa na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na kwamba ana mnunuzi London atakayetoa laki nane. Ila kwanza tumtumie shilingi 30,000 za "cheti cha uhalisi". Ni kweli? Na tukiomba mbao zivuliwe, seremala azipige msasa na vanishi, bei itapanda?

Jibu

Mwanangu, poleni kwa msiba. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo linaweza kuharibika kesho asubuhi: seremala asiiguse. Na hizo elfu thelathini zikae mfukoni kwako.

Kabla ya kufungua picha, niseme moja la sheria nisije nikalaumiwa. Baba yako alifanya jambo la busara kuliko watu wengi ninaowajua. Cheti cha bunduki ni cha mtu, hakirithiwi kama ng'ombe. Siku babu alipofumba macho, hakuna mtu nyumbani kwenu aliyekuwa na ruhusa ya kuishika, hata kuiweka uvunguni "tukingoja arobaini". Sheria ya silaha, Sura ya 114, haina huruma na neno "tulikuwa tunangoja". Anayetaka kuichukua sasa, awe wewe au mtu wa kuinunua, aombe cheti chake mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha, aeleze anaihitajia nini na ataifungia wapi. Kuitoa nchini nako kunataka vibali vya huku na vya kule inakokwenda. Mtu anayekuambia London bila kutaja kibali hata kimoja hajawahi kusafirisha hata panga.

Sasa picha.

Ya kwanza ndiyo iliyonifurahisha. Ni ile ya shingo ya chuma, pale kitako kinapoingia, upande wa kulia. Taji, chini yake GR, halafu BSA Co, halafu 1917, halafu Sht.L.E. na III yenye nyota. Hapo bunduki imekwambia jina lake lote: Lee-Enfield fupi, Mark III yenye nyota. GR ni Mfalme George wa Tano. BSA ni kiwanda cha Birmingham, na ni BSA ile ile ya baiskeli. Kama babu alikuwa na baiskeli ya BSA, kumbuka ile nembo ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana. Watu waliikanyagia pedali miaka yote bila kujua kwamba kiwanda kilianza na mitutu kabla ya magurudumu. Na ile nyota ina maana yake. 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Waingereza waliamua kuipunguzia bunduki hii vikorombwezo ili viwanda vitoe nyingi kwa haraka. Waliondoa kibati cha kufungia magazini, na kifaa cha kulengea mbali sana kilichokaa ubavuni. Iliyopunguzwa ikapewa nyota. Kwa hiyo nyota na 1917 vinapatana. Herufi nazo zimelika sawasawa, kutu imekaa ndani ya mikato, kingo za mikato ni butu. Alama iliyogongwa jana huwa na kingo zilizoinuka, ukipitisha ukucha unakwaruza. Mwili wa bunduki hii, yaani kile chuma cha katikati kinachoshika mtutu, ni halisi, sina shaka.

Basi yule bwana amesema kweli kwa nusu. Kizuri ni hicho, na nusu hiyo ya kweli ndiyo chambo chake.

Picha ya pili ni nambari. Kwenye bunduki za Lee-Enfield za namna hii nambari moja iligongwa mahali kadhaa: kwenye mwili, upande wa kulia mbele, kwenye mtutu, nyuma ya mzizi wa mkono wa bolti, chini ya bamba la kulengea la nyuma, kwenye kofia ya chuma ya mdomoni, na kwenye ubao wa mbele kwa chini. Bolti ni lile komeo unalovuta nyuma na kusukuma mbele. Kazini tulilitaja hivyo hivyo, bolti. Zote zikipatana, mkusanyaji wa Ulaya au Marekani anafungua pochi. Zako hazipatani. Mwili unaishia na 17, bolti inaishia na 63. (Nambari kamili sizichapi hapa, na wewe usizitume kwa mtu usiyemjua.)

Hili lisikushtue sana. Nimekuwa fundi wa silaha jeshini, miaka yangu ya mwisho hapa Lanet, na naweza kukuambia bolti zinavyopotezana. Ghalani unazivua, unazifungia mahali pengine ili mwizi akiingia apate fimbo tu. Siku ya haraka watu kumi wanaingia, kila mmoja ananyakua iliyo karibu, inaingia, inafunga, anaondoka. Fundi mwenye adabu akipachika bolti ngeni anapima kwanza, kisha anaikata nambari ya zamani kwa mstari mmoja na kugonga mpya kando yake. Mstari huo si ubandia. Ni sahihi ya fundi wa jeshi, na wanaojua wanaupenda. Kwako hakuna mstari wowote, maana yake bolti ilibadilishwa na mtu ambaye hakupima, au hakujali.

Na kupima si suala la bei tu. Kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi inatakiwa nafasi ndogo mno. Ikizidi, ganda la risasi linanyooka mpaka linapasuka, na moshi wa moto unarudi upande wa jicho lako. Mwombe mwenye duka aipime kwa geji yake kabla mtu yeyote hajaifyatua, hata kwa majaribio. Kama babu aliifyatua miaka hamsini bila shida, vizuri. Bado ipimwe.

Picha ya tatu inaeleza kwa nini "haijaguswa" ni uongo usiohitaji darubini. Bunduki hii ilipotoka kiwandani ilikuwa imevikwa mbao mpaka mdomoni, na mdomo wenyewe umefunikwa kofia nene ya chuma yenye masikio mawili yanayolinda kilengeo, na mahali pa kuchomekea singe. Yako mbao zimekatwa katikati, zikachongwa zikawa na ncha nzuri ya mviringo, kofia haipo, na mdomoni kumechomelewa kilengeo kidogo cha kuwindia. Hii ni kazi ya baada ya vita. Bunduki za jeshi zilikuwa rahisi, mtu akinunua anampa fundi aipunguze uzito, anapata bunduki ya kuwindia swara kwa bei ya chini. Masetla wengi walibeba za namna hii kutoka Subukia mpaka Molo. Fundi wa yako hakuwa mbaya, nimeipenda ile ncha. Lakini kwa mkusanyaji wa silaha za jeshi, bunduki iliyokatwa mbao imeshuka bei vibaya, na iliyokatwa mtutu pamoja na mbao imekwisha.

Hapo kuna kipimo kimoja cha bure. Mtutu wa bunduki hii ukiwa mzima ni inchi 25.2, yaani milimita 640. Mwombe mwenye duka ahakikishe haina risasi, afunge bolti, aingize kijiti safi kwa mdomoni mpaka kiguse uso wa bolti, aweke alama, akitoe, apime. Ikifika 25 na kitu, mtutu haukukatwa na mtu mwenye subira anaweza siku moja kuirudishia mavazi yake. Ikiwa 22 au 20, msahau mkusanyaji.

Ya nne ni ile sahani ya shaba kwenye kitako iliyoandikwa 3 K.A.R. Nimeitazama nikiikuza mpaka picha ikapasuka vipande.

Kwanza, sahani za namna hii zilikuwepo kweli. Kikosi kiligonga jina lake na nambari ya bunduki, sahani ikazamishwa kwenye tundu lililochimbwa ubavuni mwa kitako. Lakini inashikwa na skrubu moja. Moja tu! Nikiwa na bisibisi, nakubadilishia historia ya bunduki kabla chai haijapoa. Ndiyo maana sahani peke yake haijawahi kunishawishi. Halafu katika vita, kwenye ile ile haraka ya kupunguza vikorombwezo, viwanda vikaacha kuiweka, kwa hiyo kwenye kitako cha 1917 haikustahili hata kutegemewa. Tundu la yako halikuchimbwa na mashine. Ukingo mmoja umechimbika zaidi ya mwingine, na mbao ya ndani ni nyeupe wakati kitako chote kimekuwa rangi ya kahawa kwa mikono na mafuta. Na sasa angalia skrubu yenyewe. Kichwa chake kina mkato wa msalaba. Skrubu za msalaba zilianza kusambaa miaka ya 1930. Fundi wa 1917 angeitoa wapi?

Waulize mama na shangazi kama wanaikumbuka sahani hiyo kitakoni siku za babu. Kama hawaikumbuki, basi nitakuwa na swali kuhusu nani aliishika bunduki kati ya mazishi na stesheni. Kama wanaikumbuka, huenda babu au yule mzungu aliipachika kwa kujifurahisha, watu hufanya hivyo. Katika hali zote mbili KAR ya 1917 haijathibitishwa.

Na picha ya tano inaizika kabisa. Ulipiga mtutu karibu na mwili kwa sababu, ulivyoandika, "kuna maandishi madogo sijui ni nini". Umefanya vizuri kuliko unavyojua. Kuna taji na herufi BNP, kuna NITRO PROVED, kuna .303 na 2.222, kuna 18.5 TONS. Hii ni alama ya nyumba ya majaribio ya Birmingham. Uingereza bunduki haiuzwi kwa raia mpaka ifyatuliwe kwa risasi iliyozidishwa nguvu, ikistahimili inagongwa muhuri. Inchi 2.222 ni urefu wa ganda, tani 18.5 ni shinikizo kwa kila inchi ya mraba. Lakini BNP yenye taji haikutumika Birmingham kabla ya 1954. Kabla ya hapo alama zilikuwa nyingine. Maana yake, bunduki ya babu yako ilikuwa Birmingham, mezani kwa mkaguzi, 1954 au baadaye, ikiandaliwa kuuzwa kwa raia. Yule mzungu aliipata baada ya hapo, akaileta au akaletewa Njoro, na 1964 akamwachia babu. Miaka kumi, si zaidi.

Kwa hadithi ya KAR kusimama, ingebidi bunduki ipigane huku na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck mpaka 1918, irudishwe Uingereza, ikae miaka zaidi ya thelathini, ijaribiwe, ikatwe, kisha irudi huku huku Bonde la Ufa ikiwa bado na sahani yake. Si muhali. Lakini mtu anayetaka laki nane kwa hadithi hiyo alete karatasi.

Tafuta pia, karibu na hapo, mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha. Mshale mmoja mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na utauona umetapakaa kila kipande. Miwili iliyogusana ncha ni ruhusa ya kuuzwa: serikali imeiachilia. Kwenye picha naona kama kivuli chake, lakini mwanga wa dirisha umekiharibu. Piga tena, safari hii taa ikitoka ubavuni, si mbele.

Niungame kitu hapa ili usinione mjuzi wa yote. Miaka ya nyuma mzee mmoja wa Molo aliniletea Lee-Enfield No. 4, bunduki iliyoifuata hii yenu, akataka kujua kama mtutu ni wa asili. Nilichungulia ndani nikaona mifereji miwili tu, ile mikato ya mtutuni inayoizungusha risasi, wakati niliyozoea ni mitano. Nikamwambia kwa sauti ya mkubwa: mtutu huu umebadilishwa kwa magendo. Mzee akaondoka kichwa chini. Baadaye nikajifunza kwamba katika Vita vya Pili viwanda vya Long Branch wa Kanada na Savage wa Marekani vilitoa mitutu ya mifereji miwili kwa maelfu, kwa haraka hiyo hiyo ya vita, na ilipiga shabaha vizuri tu. Yake ilikuwa na maneno US PROPERTY ubavuni, ambayo Savage aliyagonga kwenye bunduki walizopewa Waingereza kwa mkopo wa vita. Nilikuwa nimeyaona na sikuyasoma. Nilimtafuta nikamwomba radhi, naye akaniambia alishaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya neno langu. Tangu siku hiyo nasoma kila herufi kabla sijafungua mdomo.

Turudi kwa seremala. Mbao za bunduki hii ni mti wa walnati, zilinyweshwa mafuta ya kitani mpaka yakazama, hazikupakwa vanishi. Ndani yake kuna mihuri midogo ya wakaguzi, taji na herufi, iliyobonyezwa kwa kina cha karatasi mbili. Msasa ukipita mara tatu mihuri imekwenda, na hairudi kamwe, kwa maana wanaoigonga upya wanajulikana mara moja. Halafu mbao ikipungua, chuma kinabaki kimejitokeza kama jino refu. Chuma nacho kikisuguliwa ule weusi wa zamani ukatoka, kinang'aa kama sufuria ya harusi na thamani imemwagika sakafuni. Kutu nyepesi ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta, polepole, na mwenye duka ndiye aifanye. Kwa ndani ya mtutu awe mwangalifu zaidi. Risasi za zamani za .303 zilikuwa na chumvi kwenye kiwashio. Inabaki ndani baada ya kufyatua na kuvuta unyevu. Mafuta hayaitoi, maji ya moto ndiyo huitoa, kisha mafuta. Na kwa ukungu wa upande wenu wa Mau, sitashangaa mkichungulia mkikuta vijishimo.

Sasa bei, maana najua ndiyo uliyokuja nayo.

Laki nane haipo. Bunduki hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, viwanda vya Uingereza, India na Australia vikishindana, na zilizokatwa kwa ajili ya uwindaji ndizo nyingi kuliko zote huko nje. Mnunuzi wa London ana za namna hii dukani jirani kwake, bila kulipia ndege. Anachotafuta ni ile nzima yenye nambari zinazopatana, au yenye karatasi za mtu fulani na vita fulani. Wewe una mwili halali wa BSA wa 1917, bolti ya jirani, mbao zilizokatwa na sahani ya kubandika.

Hapa kwetu soko ni jembamba zaidi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977, kwa hiyo ile kazi bunduki hii ilichongewa imeondoka. Anayeweza kuinunua ni mwenye cheti au anayekubaliwa kupewa, na wengi wao wanataka bastola ya kujilinda, si fimbo ya inchi arobaini. Mwombe mwenye duka akupe bei kwa maandishi, kisha uliza duka la pili lenye leseni, Nairobi au Kisumu, ulinganishe. Toa pia gharama ya kuhifadhiwa miezi yote hii. Usishangae ukibakiwa na bei ya mbuzi wachache. Na kama hakuna anayeitaka, wala nyumbani hakuna wa kuombewa cheti, mikononi mwa polisi ndiko itakakoishia, na msiione kama aibu.

Kitu ambacho hukukipiga picha ni karatasi. Babu aliinunua 1964, lazima kulikuwa na cheti cha yule muuzaji, hati ya kuhamisha, labda risiti yenye jina la shamba. Pekueni sanduku lake la bati kabla watoto hawajawashia moto. Nambari iliyo kwenye cheti cha babu ilinganishwe na ya mwili wa bunduki, tarakimu kwa tarakimu. Zikihitilafiana hata moja, mwambieni mwenye duka kwanza, kabla ya mnunuzi. Na karatasi ya shamba la mzungu wa Njoro yenye tarehe na sahihi inaipa bunduki hii historia ya kweli, ile ya 1954 mpaka leo, ambayo hakuna skrubu inayoweza kuibandika.

Yule bwana akipiga tena, muulize swali moja: sahani ya kitakoni imeshikwa na skrubu ya namna gani? Halafu niandikie alivyojibu, pamoja na urefu wa mtutu.